Birika la Bulaimu

Alhamisi ile Amisa alishuka kijitoni, akatoa muhogo wake majini na kuubonyeza kwa vidole viwili. Muhogo ulifunguka kama ndizi mbivu. Hakuutoa kamwe kabla haujafanya hivyo, hata kama nyumbani njaa inauma, na wanawake wa kambi ya mgodi, ambao hawakuwa wepesi wa kusifia, walikubali kwamba Lusangi nzima hakuna anayevundika muhogo kama yeye, Mama Mwamini. Aliubeba mpaka kwake akiimba kidogo. Jioni ile zamu yake ilikuwa inaanza.

Zamu ilijulikana kwa birika. Mumewe, Bulaimu, alikuwa na birika moja la bati la kutawadhia, lenye mdomo uliopinda, na hakumruhusu mtu mwingine alibebe. Siku mbili birika lilikaa mlangoni kwa Amisa, mke mkubwa, katika nyumba ya matofali ya kambini. Siku mbili lilikaa mlangoni kwa Sidonie, mke mdogo, ng'ambo ya kijito, penye nyumba za miti na udongo. Siku ya kubadili, akitoka kazini, Bulaimu alilipitia, akavuka nalo kwa mkono wa kushoto, na kila aliyemwona alijua leo analala wapi. Hakukosea hata mara moja. Mwalimu Amisi wa msikitini alimtolea mfano mbele ya watu, jambo lililowaudhi waume wengine.

Amisa hakuwa na la kulalamikia, na hilo ndilo lililomchoma. Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, ilikuwa inatambua mke mmoja tu kwa kila mfanyakazi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake, posho ya unga na samaki wa chumvi ilikuwa yake, na blanketi la kampuni lilikuwa lake. Sidonie hakupata kitu. Alilelewa na masista huko Kasongo, akajua kupiga pasi na kusuka vitambaa, na alipoolewa na Mwislamu mwenye mke, masista walituma neno kwamba kwao amekwisha kufa. Alikuja na sanduku dogo na pasi ya makaa. Lakini usiku wa zamu ya Sidonie, upepo ukivuma kutoka kule, Amisa alimsikia Bulaimu akicheka. Kwake hakuwa akicheka. Alikula, akashukuru, akasali, akalala. Amisa alikuwa na nyumba na Sidonie alikuwa na kicheko, na Amisa angebadilishana naye palepale, pamoja na blanketi.

Alhamisi hiyo Bulaimu hakufika. Alasiri walimleta wanne juu ya ubao wa mlango, na kapita Octave, msimamizi wao mgodini, akitembea mbele amevua kofia.

"Ameanguka kwenye mutaro, mama," alisema Octave. "Hakusema kitu. Ameanguka tu."

Uso wa Bulaimu ulikuwa mwekundu, kama wa mtu aliyeota moto karibu mno, na kanzu yake ya kazi ilitoa harufu chungu ya maganda ya muhogo mbichi. Daktari wa mgodi alikuja, akainama, akanusa, akanyooka. Alisema harufu hiyo anaijua. Watu hufa hivyo wakila muhogo mchungu ambao haukukaa majini vya kutosha. Kisha alipanda gari lake.

Walimzika Ijumaa. Birika lilibaki mlangoni kwa Sidonie, kwa sababu mwenye kulibeba hakupita.

Jumapili jua likizama, Bulaimu alirudi kutoka kazini. Alipita njia ya mgodi kama siku zote, akawasalimia waliokuwa wakicheza mchezo wa mbegu barazani, nao wakamwitikia. Alipofika kijitoni hakugeuka kuelekea kambini. Alivuka, akalikuta birika mahali alipoliacha, akatawadha, akaingia kwa Sidonie.

Habari ilimfikia Amisa kabla hajazima moto wake. Alikwenda kwa Mwalimu Amisi akiwa amejifunika nguo ya eda mpaka machoni.

"Mwalimu, mume wangu amerudi, na amekwenda kwa yule."

"Nimesikia," alisema Mwalimu Amisi. "Nimemuzika mimi mwenyewe, kwa hiyo eda yako iko palepale. Lakini mutu kumusalimia mume wake si zambi."

"Siulizi mambo ya eda! Alhamisi ilikuwa zamu yangu, na sijaipata."

Mwalimu alifikiri. Alisema kwamba vitabu alivyosoma vinaeleza zamu za walio hai vizuri sana, na za waliokufa havikuzitaja, labda kwa sababu hakuna aliyeuliza. Akamshauri asubiri ziishe siku mbili.

Siku mbili ziliisha. Zikaisha nyingine. Bulaimu alikwenda kwa Sidonie kila jioni, akaondoka alfajiri kuelekea mgodini, ambako kapita Octave alimwambia kila asubuhi kwamba jina lake limekwisha kufutwa, naye akajibu sawa, akakaa kando ya mtaro akiangalia wenzake. Na kulikuwa na jambo lingine. Ile harufu yake chungu ilikuwa inaua mbu. Walikuwa wakianguka wakimkaribia, chini, kama makapi. Majirani waligundua, wakaanza kuja na mikeka yao jioni kukaa uani kwa Sidonie, na watoto wa kule wakalala bila kujikuna. Amisa alikaa kwake peke yake, akijipiga makofi miguuni, akisikia watu wakiongea ng'ambo ya maji, na katikati yao kicheko.

"Hata mbu ameniachia mimi," alimwambia jirani.

Jirani alisema ni kweli, akakunja mkeka wake akaenda.

Baada ya wiki kadhaa ikasikika kwamba ajenti wa Bulamatari anakuja kutoka Kabambare kuchunguza kifo. Walimwita Bwana Kitambaa, kwa sababu alishika kitambaa puani mahali popote palipokuwa na watu. Mgodi ulikuwa umempelekea maneno ya daktari. Mtu amekufa kwa sumu ya muhogo. Muhogo hupikwa na mwanamke. Kwa hiyo anatafutwa mwanamke aliyempikia siku ile.

Sidonie alimkuta Amisa kijitoni. Alikuwa amebeba ndoo tu, bila nguo za kufua, na Amisa akajua amekuja kwa ajili yake.

"Yaya, jambo," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa.

"Jambo."

"Huyu Muzungu akikuuliza, umwambie birika lilikuwa kwangu. Ni kweli lilikuwa kwangu. Bukari ya muhogo aliyokula asubuhi ni yangu, ya baridi, na majani ya sombe kidogo. Kwako hakufika."

Amisa aliendelea kusugua sufuria.

"Unasikia, yaya? Wewe iko na mutoto Nyangwe, iko na wajukuu. Mimi nani atanililia? Masista wamekwisha kunililia zamani. Waache wanifunge mimi."

Maneno hayo, mtu mwingine angeyasikia vingine. Amisa alisikia kwamba mume alikufa ana chakula cha Sidonie tumboni. Alisikia kwamba siku ya mwisho, saa ya mwisho, birika lilikuwa kule. Na sasa Sidonie anataka jambo hilo litangazwe mbele ya Mzungu na karani, watu wote wakisikiliza, libaki hivyo milele.

"Unataka afe kwako," alisema.

"Yaya, nataka wasikufunge."

"Alikufa siku yangu. Alhamisi ilikuwa yangu. Muulize Mwalimu, muulize kapita, uliza mbuzi wa hapa! Ulishiba kicheko, sasa unataka na maiti?"

"Basi mimi nimesema," alisema Sidonie, akachota maji akaondoka. Mgongo wake ulikuwa umenyooka vile vile kama walivyomfundisha masista, na hilo nalo Amisa aliliona.

Siku Bwana Kitambaa alipofika Lusangi, mchana, Sidonie akiwa shambani, Amisa alivuka kijito. Alilichukua birika mlangoni, akalificha ndani ya nguo ya eda, akarudi nalo kambini. Njiani alikutana na watu, nao wakatazama pembeni. Alilijaza maji, akaliweka mlangoni kwake, mdomo umeelekea nje kama Bulaimu alivyopenda. Kisha akapika.

Jua lilipozama Bulaimu alitoka mgodini, akafika kijitoni, akasimama. Akageuka. Alipanda njia ya kambini mpaka mlangoni kwa Amisa, akatawadha, akasali, akaketi kwenye kiti chake. Mbu walianza kuanguka. Amisa alimwekea bukari na samaki, naye akaisogeza karibu, akainusa.

"Imeiva," alisema.

"Kula basi."

"Siku hizi nanusa tu, Mama Mwamini."

Alimtazama. Bado alikuwa mwekundu. Alitaka kumuuliza kama anamkumbuka, kama amemkasirikia, lakini ulimi ulikwenda kwingine.

"Siku ile ulikula nini?"

"Ile ya Sidonie. Ya asubuhi."

"Mbele ya Muzungu utasema ulikula yangu."

"Sikula yako. Nilikufa mbele ya kufika."

"Ulikufa njiani kuja kwangu."

"Nilikufa kwenye mutaro."

"Lakini ulikuwa unakuja kwangu!"

Bulaimu alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo hata alipokuwa hai.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nafikiri nikitoka nitapita kuchukua birika, nije."

Amisa aligeuza uso ukutani ili asionekane anavyofurahi. Wakati huohuo taa ya gari iliangaza uani, na Bwana Kitambaa akaingia na kitambaa chake, akifuatwa na karani mkalimani, Théophile, aliyebeba kiti cha kukunja, na kapita Octave nyuma yao. Watu wa kambi walijaa ukutani. Bwana Kitambaa aliketi, akaona hakuna mbu, akaondoa kitambaa, akainusa hewa, akakirudisha.

Alianza na marehemu, kwa heshima. Théophile alitafsiri.

"Bwana anauliza, ulikufa namna gani?"

"Tulikuwa tunaosha mutaro," alisema Bulaimu. "Ule wa saruji, wanamolowesha muchanga kwa dawa nyeupe ili zahabu itoke. Ukichafuka unaoshwa na maji makali, yale ya kwenye chupa kubwa za kikapu. Zamani tulikuwa tunamwaga dawa nyeupe yote kwanza, tunaacha maji ya mutoni yapite siku nzima, halafu ndiyo maji makali. Bwana Mbiombio alipokuja akasema siku nzima ni nyingi. Akasema mwaga humohumo."

Bwana Mbiombio, yaani wa haraka, ndiye alikuwa mkubwa mpya wa mgodi. Kapita Octave alikuwa akitazama kucha zake.

"Nikamwaga," alisema Bulaimu. "Ikachemka bila moto. Nikanusa kitu kama muhogo muchungu. Nikafikiri, nani anapika hapa? Basi."

Théophile aliyasema yote kwa Kifaransa, na alichukua muda. Bwana Kitambaa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama marehemu yuko tayari kuapa. Bulaimu alisema yuko tayari. Bwana Kitambaa akafikiri, akasema kwa masikitiko kwamba sheria inamtaka anayeapa aseme ukweli kwa kuogopa kifungo, na marehemu hafungiki. Kwa hiyo amesikia, lakini hawezi kuwa amesikia. Zaidi ya hayo daktari amesema sumu ni ya muhogo, na mgodini hapalimwi muhogo. Alimuuliza kapita Octave, naye Octave akakubali kwamba ni kweli, mgodini hapalimwi muhogo.

"Sasa bibi," alisema Théophile. "Bwana anauliza, siku ile ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu," alisema Amisa.

"Alama yake ni nini?"

Amisa alionyesha birika. Bwana Kitambaa aliinuka akaenda kulitazama, akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Nani alipika chakula cha mwisho alichokula?"

Hapo kunyamaza kulikuwa rahisi. Watu wote wa kambi walimtazama Amisa, na Bulaimu naye akamtazama, kwa macho yale mekundu yaliyotulia.

"Mimi," alisema Amisa. "Mume wangu alikula yangu. Na muhogo wangu ulikuwa umelainika, mutu yeyote hapa anajua."

"Hapana," alisema Bulaimu.

"Bwana anasema marehemu anyamaze sasa," alisema Théophile.

Ndipo Sidonie alipofika akikimbia, kanga imelowa mpaka magotini.

"Bwana, ni mimi! Mimi ndiye nilimpikia! Birika lilikuwa kwangu mpaka leo muchana, ameliiba!"

"Muongo!" alisema Amisa. "Muongo wa masista!"

"Hata gereza unaninyang'anya, yaya?"

"Kila mutu na zamu yake!"

Uani pale watu wengine walicheka, na mmoja akasema hawa wawili hawajawahi kupatana hata katika chumvi. Théophile hakujua atafsiri kipi. Bwana Kitambaa alinyoosha mkono, akasema inatosha. Mwanamke mmoja ana nyumba ya kampuni, ana birika mlangoni, marehemu mwenyewe ameketi kwenye kiti chake, na anakiri. Mwingine hayumo katika vitabu vya Bulamatari, kwa hiyo hata kama alipika, aliyepika hayupo. Alisema Amisa atapelekwa Kasongo kwa uzembe wa chakula ulioleta kifo. Akashauri mgodi uwafundishe wanawake kuvundika muhogo.

Amisa alifunga vitu vyake. Aliomba jambo moja tu, abebe birika, na Bwana Kitambaa alisema hana kipingamizi. Alipopanda nyuma ya lori, akiliweka magotini, alimtazama Sidonie aliyesimama kijitoni mikono mitupu. Tangu mtu yule aolewe, Amisa hakuwahi kumtazama hivyo, kutoka juu, ameshiba.

Gereza la Kasongo lilikuwa na chumba kimoja cha wanawake, nyuma ya jiko, na kazi yao ilikuwa kupalilia pamba. Mlinzi wao alikuwa mzee anayeitwa Alimasi. Jioni ya kwanza Amisa aliliweka birika mlangoni, mdomo nje, akaketi. Jua lilizama. Njia ya Kabambare, itokayo Lusangi, ni ndefu, na magari yenyewe yalikuwa yakilala njiani, lakini Bulaimu alifika kabla adhana haijaisha, miguu imejaa vumbi.

"Huyu ni nani?" aliuliza Alimasi.

"Mume wangu."

"Iko muzima?"

"Hapana."

"Basi hahitaji ruhusa," alisema Alimasi, akamfungulia. Asubuhi aliwaambia walinzi wenzake kwamba kwa mara ya kwanza amelala bila mbu, na jioni iliyofuata mke wa mkuu wa gereza alileta kiti chake karibu na mlango wa wanawake, akakaa hapo akisuka.

Bulaimu alikaa siku mbili. Jioni ya tatu alifika, akainama, akalichukua birika kwa mkono wa kushoto.

"Unakwenda wapi?" alisema Amisa.

"Kwa Sidonie. Siku mbili zako zimekwisha."

"Mimi nimefungwa kwa ajili yako!"

"Umefungwa kwa ajili ya birika, Mama Mwamini," alisema Bulaimu bila ubaya. "Na birika lina zamu."

Akaondoka nalo. Siku mbili mbu walimla Amisa na wenzake, kisha Bulaimu akarudi, birika mkononi. Ikaendelea hivyo. Kila aliporudi, Amisa alishika kola ya kanzu yake akainusa, na chini ya ile harufu chungu alikuta harufu ya nguo iliyopigwa pasi.

"Bado anakupigia pasi."

"Anasema maiti asitembee amekunjamana."

"Na wewe unacheka kule?"

Bulaimu hakujibu, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo.

Msimu wa kuchuma pamba waliletewa mwanamke mwingine kutoka Lusangi. Alikuwa Victorine, mke wa Hippolyte, watu wa misioni. Mgodi ulikuwa umewapa nyumba ya matofali ya Amisa, na Hippolyte amepewa kazi ya kuosha mtaro. Victorine alilia siku nzima, akionyesha vidole viwili kwa kila aliyeingia.

"Muhogo wangu ulikuwa laini hivi! Hivi! Nilifundishwa na watu waliofundishwa na wewe, mama!"

"Najua," alisema Amisa, akamsogezea nusu ya mkeka. "Alikuwa mwekundu?"

"Mwekundu."

"Mutaro umechemka bila moto."

"Amesema hivyo kapita, lakini kwa siri."

Jua lilizama. Ilikuwa jioni ya kwanza ya zamu ya Amisa, na Bulaimu alitokea kwenye njia ya Kabambare akiwa na mtu mwingine pembeni, kijana mrefu mwenye uso mwekundu, anayetembea kama mgeni asiyejua anaingilia mlango gani. Alimasi alifungua bila kuuliza. Bulaimu aliliweka birika mahali pake.

"Nimemuonyesha njia," alisema. "Mutaro umepata mutu mupya, mutoto wa Asani fundi viatu. Ameanza leo."

Hippolyte alivua kofia yake akakaa karibu na Victorine, naye Victorine akaacha kulia, akaegemea bega lake. Mbu walikuwa wakianguka pande zote mbili za chumba.

Amisa alimtawadhisha mumewe, akamtandikia, lakini macho yake hayakutoka kwenye ule upande wa pili. Alitazama mikono ya Hippolyte. Ilikuwa mitupu. Hakubeba birika, wala kitu chochote cha kupeleka mahali pengine.

"Victorine," aliita.

"Ndiyo, mama."

"Kwa huyu wako, uko mke peke yako?"

"Niko peke yangu, mama. Tulifunga ndoa kanisani."

"Kwa hiyo atakuja kila jioni."

"Labda, mama. Sijui."

"Kila jioni," alisema Amisa. Akaurudisha mkeka wake wote, akamwacha Victorine kwenye sakafu, akalala akiwageuzia mgongo.